Mzee Aliyemwita Mbuzi Mkwe

"Hujambo, mkwe wangu?"

Baba mkwe alisema hivyo huku amemkazia macho mbuzi. Mkwe mwenyewe, yaani mimi, nilikuwa nimesimama pembeni na soda ya mzee mkononi.

Nikajua mzee ndiyo basi tena, akili zimeanza kumruka.

Naitwa Abdiel, fundi seremala wa Ngarenaro, mtu wa Machame niliyeoa Oldonyo Sambu. Mke wangu ni Simaloi, mama wa binti yetu Agnela. Baba yake, Mzee Tajeu, ni mfugaji anayewajua ng'ombe wake kwa kikohozi tu.

Kabla sijaendelea, niwape siri.

Miezi miwili kabla ya siku ile, mkono wangu wa kushoto uliachia patasi katikati ya kazi. Ukalegea dakika kumi nzima, halafu ukarudi. Wiki iliyofuata, tena.

Nikaenda kimyakimya kwa daktari. Akaniandikia karatasi ya kipimo cha MRI, wakaangalie damu inavyokwenda kichwani. "Usichelewe, unaweza kupooza."

Nikachelewa. Niliogopa, nasema kweli. Karatasi nikaificha kwenye sanduku la vifaa, chini ya randa. Nyumbani nikasema daktari kasema ni uchovu.

Sasa mzee naye anasalimiana na mbuzi!

"Baba Agnela," Simaloi akaniambia, "baba anatakiwa MRI. Twende wote, mimi peke yangu sitamweza."

Nikakubali haraka. Kumpeleka mtu mwingine hospitali sikuwahi kuogopa.

Simaloi ndiye aliyeshughulika na mapokezi. Mimi nikaletewa fomu, nikasaini bila kusoma. Si ya msindikizaji tu?

Dada wa mashine, Ndeshi, akaniuliza, "Jina?"

"Abdiel."

"Una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

Akaweka tiki. Nikaona wako makini sana, hadi wasindikizaji wanahojiwa.

Mzee akavua bangili zake, akalitazama lile dude, akagoma.

"Linafanya nini hili?"

"Linapima damu, mzee," Ndeshi akasema. "Hatuchomi sindano. Sumaku inaitia damu alama hapa shingoni, halafu tunapiga picha tuone inafika wapi kichwani, na inachelewa kiasi gani."

Mzee akatikisa kichwa. "Sisi ng'ombe tunamfunga kamba shingoni, mshipa unajaa, tunaona. Humo silali. Atangulie mkwe, nimwone akitoka mzima."

Nikamtazama Simaloi. Akatazama dari.

Ukweni kwangu, mkwe hamkatalii baba wa mke mbele za watu. Ukimkatalia, habari inafika Oldonyo Sambu kabla yako.

"Sawa, baba," nikasema. Nikavua mkanda, nikajilaza, najifanya ngangari.

Jamani, ile mashine inagonga kuliko karakana yangu! Muda wote najifariji kwamba zamu ya mzee inakuja.

Nilipotoka, mzee alikuwa ameshavaa bangili zake zote.

"Baba, zamu yako."

"Zamu ya nini? Mimi mzima."

Nikamgeukia Ndeshi. "Dada, mgonjwa ni huyu hapa!"

"Mgonjwa wangu ni Abdiel," akasema, akanionyesha karatasi.

Ilikuwa imekunjwa mara nne. Kwenye mikunjo kulikuwa na vumbi la mbao.

Nimeingizwa mjini, na aliyeniingiza ni mzee wa Oldonyo Sambu!

"Na yule mbuzi je, baba?"

"Yule ana adabu," mzee akajibu. "Akiumwa hafichi."

Nilitaka kukasirika. Lakini Simaloi alikuwa analia.

"Nilitafuta misumari, nikaikuta karatasi, nikamweleza baba," akasema. "Ningekwambia twende, ungekuja?"

Nisingekuja.

Majibu yalitoka kesho yake. Upande wa kulia wa ubongo wangu, damu ilikuwa inafika kwa kuchelewa, mshipa wa shingo umeziba karibu wote. Daktari akasema mkono ule ulikuwa unanipigia hodi, na safari nyingine ungeondoka moja kwa moja.

Wakanipasua. Leo nina kovu chini ya taya, na mkono wa kushoto unashika patasi kama zamani.

Somo langu ni hili: ukiandikiwa kipimo, nenda. Ukificha karatasi, wanaokupenda wataitafuta, na watakupeleka kwa njia ambayo utachekwa ukoo mzima.

Maana mpaka leo, tukifika Oldonyo Sambu, mzee anaanza kumsalimia mbuzi.

Mimi nasimama pembeni na soda yake, nasubiri zamu yangu.