Jembe Nililoliunguza

Chuma kikiungua hakikwambii. Hilo baba alinifundisha kabla hajanipa nyundo: moto ukizidi, cheche nyeupe zinaruka, na hewa inapenya kati ya chembe za chuma, inakula pale pale zinaposhikana. Nje unaona jembe zuri. Ndani hazishikani tena.

Nilijua, basi. Nisijifanye mjinga.

Ilikuwa Kibirichia, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, tulipokusanywa kijiji kimoja na kulazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu, wapiganaji waliojificha humo wasipate chakula. Asiyekuwa na jembe zima alichapwa. Jirani yangu, mama mjane, aliniletea lake limekatika shingoni. Nami siku hiyo nilikuwa napiga domo na wateja, najisifu, mpaka cheche zikaruka. Lo! Ilinipasa kukikata kile kipande kilichoungua nianze upya. Lakini makaa yalikuwa haba, msituni hatukuruhusiwa kuingia, na uvivu nao ulinishika. Nikaliunga hivyo hivyo, nikalipiga tupa, likang'aa, nikampa.

"Asante, fundi. Mungu akubariki."

Kesho yake handakini likavunjika, pigo la tatu tu. Nilikuwa karibu. Nikaona pale lilipovunjika chembe kubwa kubwa, nyeusi pembezoni, kama chumvi ya mawe iliyoingia masizi. Askari wa kijiji akamshika.

"Umelivunja makusudi! Nani alilitengeneza?"

Mama akanitazama. Kwetu mhunzi anaogopwa. Laana yake, watu husema, inamaliza nyumba nzima.

"Kosa ni langu mimi," akamjibu askari. "Nimelipiga kwenye jiwe."

Jiwe gani? Ulikuwa udongo mwekundu mtupu. Lilitakiwa neno moja tu kutoka kwangu, na mdomo nilikuwa nao, ule ule wa kujisifu jana. Nikainama, nikaendelea kuchimba. Walimchapa mpaka mkono wa kulia ukavunjika, na haukunyooka tena. Ninaona aibu hata kuandika.

Jumapili alikuja kwangu, mkono umefungwa kwa leso, ule mwingine umebeba kikapu cha viazi. Akasimama nje ya kibanda cha kufulia chuma, hakuthubutu kuingia.

"Fundi, nimeharibu kazi ya mikono yako. Nihurumie, usiwalaani watoto wangu."

Nikapokea kikapu. Nikamwambia nimemsamehe.