Wamaitha na Kiapo cha Mfalme

Mimi niliapa kuwa raia wa Kanada miaka sita iliyopita, na ukiniuliza leo niliapa nini, sina jibu. Nilikuwa nawaza basi la kurudi Etobicoke na zamu yangu ya saa tisa. Niliinua mkono, nikafuatisha maneno, nikapiga picha na bendera, basi. Ndiyo maana habari za Bibi Wamaitha nazisimulia kwa haya kidogo.

Naitwa Médiatrice, Mrundi, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Asubuhi tatu kwa wiki nilikuwa kwa Bibi Wamaitha, ghorofa ya kumi na nne, alikoishi na bintiye Nyaguthii. Ana miaka themanini na tisa, mfupi, mbishi, hapendi chai yangu na hanifichi. Namwita Cucu, kama Wakikuyu wanavyowaita bibi zao.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu: pasipoti ya Kanada. Dada yake mkubwa, Gathigia, yuko Nyeri peke yake na magoti yamemwisha. Cucu alitaka akakae naye mpaka mwisho, hata kama ni miaka kumi, maana katika ukoo wao watu huvuka mia bila aibu. Kisha arudi kwa bintiye. Mwenye kadi ya ukaazi tu akizidisha muda nje, anaweza kuipoteza. Raia hana wasiwasi huo.

Wiki moja kabla ya sherehe yake ya uraia, tukimenya viazi, nilimsomea kiapo kwa Kiswahili ili asishtuke siku hiyo. Nilipofika penye kuwa mwaminifu kwa mfalme na warithi wake, kisu chake kilisimama.

"Mfalme wa wapi?"

"Wa Kanada, Cucu. Ni yule yule wa Uingereza."

Alimaliza kiazi chake, ndipo akanieleza. Akiwa na miaka kumi na minane alikula kiapo cha kupigania ardhi, akawa anapeleka unga na risasi msituni, amezificha ndani ya mzigo wa kuni. Askari wa Uingereza wakamkamata. Kambini wanawake waliambiwa: mtaje aliyekuapisha, uende nyumbani. Wako waliotaja, na hawalaumu. Yeye alikaa miaka mitatu, akapigwa mpaka sikio la kushoto likafa, na hakutaja. Nami muda wote ule nilikuwa nikiongea naye upande wa kulia bila kujiuliza kwa nini.

"Alikuwa nani, Cucu?"

"Menya viazi," akasema.

Nyaguthii aliporudi kazini nilimwambia, naye akashika kichwa. "Mami, hayo ni maneno tu! Wewe chezesha midomo. Nani atajua?"

Cucu akainuka akaenda kulala. Lakini siku ilipofika alivaa gauni lake la kanisani, akatangulia kwenye lifti, na sisi wawili tukadhani yamekwisha.

Ukumbini tulikuwa watu kama sitini. Jaji akaamuru wote wasimame, wainue mkono wa kulia, wamfuatishe. Cucu alisimama. Mkono wake ulibaki chini na mdomo wake umefungwa. Nimewaona watu wakigoma kwa hasira. Yeye hakuwa na hasira hata chembe. Alimtazama jaji kwa adabu, kimya, mpaka neno la mwisho.

Afisa mmoja, binti mpole, akaja akainama. Akauliza kama bibi angependa kusomewa polepole. Nikatafsiri.

"Mwambie asante. Mwambie niliapa mara moja na inatosha."

"Cucu, na dada yako je?" nilisema. "Si ndiyo safari yenyewe hii?"

"Aliyeniapisha ni Gathigia," akasema. "Niende kukaa naye nikiwa nimekivunja?"

Nyaguthii alikuwa nyuma yetu. Niligeuka nikamwona ameziba mdomo kwa mkono. Hata yeye, mtoto wa tumbo lake, alikuwa hajui. Miaka sabini. Wenye virungu walilitafuta jina hilo wasilipate, na mimi nimelipata bure, kwenye ukumbi wa keki na bendera za karatasi. Nilitamani kupiga magoti. Aibu ya watu ndiyo iliyonizuia.

Afisa alieleza kwamba bila kiapo hakuna cheti, ila bibi anaweza kufikiri tena. Cucu alimpa mkono, akamtakia siku njema.

Garini, Nyaguthii alikaa na funguo mkononi bila kuwasha. Alilia kwanza, kisha akapangusa uso kwa kiganja.

"Mami, hiyo tiketi. Nikukatie ya kwenda na kurudi?"

Cucu aliushika mkono wa bintiye, akauweka mapajani mwake.

"Ya kwenda, mwanangu," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akilia.