Mablanketi ya Nje

Sokoni walimwita Mama Nje, na jina lilimkaa. Kwa miaka mingi alivuka mpaka na kurudi na mablanketi, akawauzia jumla karibu wenye vibanda wote, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Ya nje haya, si ya hapa!" Neno hilo ndilo lililojenga nyumba yake. Mteja akisikia kwamba kitu kimeshonwa na watu asiowajua, hutoa pesa bila kubishana. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Kisha nchi yao na jirani zake zikaungana kibiashara. Ushuru wa mpakani ukafutwa, na Mama Nje akashangilia kuliko wote, maana kuwachekea maofisa wa forodha kulikuwa kumeshamchosha mashavu. Furaha hiyo haikufika mbali. Sasa kila mwenye miguu alivuka akarudi na mzigo, na kibao kikageuka.

"Nje gani, mama?" wateja walimwambia. "Si tumeshaungana? Hii ni ya hapahapa. Punguza."

Tangu hapo hakutulia. Aliyapanga mablanketi kwa rangi, akayapangua, akayapanga kwa ukubwa. Nyumbani aliinuka katikati ya chakula kwenda kuangalia mlango aliokwisha kuufunga. Mumewe alimtazama tu. Huyu alikuwa fundi wa mapindo katika kiwanda cha mablanketi cha mji uleule, na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, watu walimwita Mashoto. Mambo ya kazi hawakuyazungumza sana. Mama Nje aliona haya kidogo kuwa na mume anayeshona ya hapa, naye Mashoto, mtu mpole, hakutaka kumchokoza.

Mwishowe mama akakata shauri. Alimpigia simu muuzaji wake wa ng'ambo ya mpaka, akasitisha mzigo wote, akaagiza kontena kutoka bara jingine kabisa, kwa watu ambao hawajaungana na sisi wala hawana mpango huo. Hiyo ndiyo nje yenyewe. Wiki chache baadaye, kontena likiwa limeshapakiwa, ghala la sokoni akaliacha ili kupunguza gharama, na mablanketi ya zamani yaliyobaki akayarundika sebuleni.

Jioni hiyohiyo Mashoto alirudi mapema, akaketi juu ya robota bila hata kuvua viatu.

"Wametusimamisha," alisema. "Sisi wote wa mapindo."

"Kisa?"

"Mnunuzi wetu mkubwa wa ng'ambo hachukui tena. Yule ndiye aliyekuwa anabeba karibu kila tunachoshona, anaenda kubandika lebo zake huko. Anasema kuna mteja wake kamtupa."

Mama Nje alienda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mashoto alikuwa akipapasa kona ya blanketi alilokalia, kama mtu asiyejua mkono wake unafanya nini. Mkono ukasimama. Akaligeuza pindo, akalisogeza kwenye mwanga.

"Hili nimelishona mimi," alisema. "Ona mshono unavyoanzia upande huu. Kiwanda kizima mwenye mashoto ni mimi peke yangu. Umelitoa wapi, mke wangu?"

Mama Nje aliinama akalitazama lile pindo. Miaka yote hiyo alikuwa akimlipia ushuru mumewe mwenyewe, na kumkana mbele ya soko zima.

Mashoto alikuwa ameanza kucheka. "Kumbe yanarudi huku! Basi huyo aliyemtupa mnunuzi wetu ni mtu wa sokoni kwenu, lazima unamjua. Kesho nipeleke kwake, nitambembeleza arudishe oda. Ni mtu wa namna gani? Anasikia?"

Mama Nje akakaa chini kando yake.

"Kontena limeshaondoka bandarini," alisema. "Na pesa nimeshatuma."