Kikombe cha Mgonjwa

Chuoni tulikaririshwa mambo ya kuhakikisha kabla ya kumpa mgonjwa dawa: awe ndiye mwenyewe, dawa iwe ndiyo, kipimo, njia na saa viwe sawa. Niliyashika vizuri, na mpaka leo sina subira na muuguzi anayechoma sindano huku akipiga gumzo. Lakini zahanati yetu iko upande wa Minjila, kwenye delta ya mto, na huku dawa nyingi hazimezwi mbele ya muuguzi. Humezwa nyumbani, na nyumbani kuna sheria zake.

Mgonjwa ninayemkumbuka alikuwa mfugaji wa Kiorma, mtu mrefu wa makamo, aliyeletwa kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya dereva na mkewe ili asianguke. Homa yake ilikuwa ya kuja na kwenda. Usiku alilowa jasho, na mgongo ulimuuma hata akawa hasimami bila kushika ukuta. Damu ilipopimwa ikathibitisha tulichodhani: bruselosi, ugonjwa ambao watu wa hapa huupata kwa mifugo yao, hasa kwa maziwa mabichi. Doksi, dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, ilikuwa imeisha stoo, kama ilivyo desturi yake kila inapohitajika, kwa hiyo akaandikiwa tetrasaiklini, dawa ya ukoo huohuo ila kongwe zaidi na yenye masharti zaidi. Sindano alizoandikiwa pamoja nayo nilimchoma mwenyewe. Vidonge alikwenda navyo.

Maelekezo nilimpa mkewe, maana ndiye aliyekuwa akisikiliza. Maziwa ya nyumbani yachemshwe. Vidonge vimezwe kwa maji mengi, kabla ya kula. Aliitikia kila neno.

Wiki zikapita na mgonjwa hakupata nafuu ya maana. Huko juu mvua zilikuwa zimeanza, mto ulikuwa unapanda, na wafugaji walikuwa wakijiandaa kuwatoa ng'ombe kwenye delta kabla maji hayajatanda. Safari hiyo ni ya miguu, kuelekea nyika. Aliniambia wazi kwamba akishindwa kwenda, mdogo wake ndiye atakayeswaga ng'ombe, na mwanamume aliyeachwa nyuma na ng'ombe wake haulizwi tena jambo lolote. Hakulalamika. Alitaka tu kujua kama atatembea au la. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kumpeleka hospitali ya Hola.

Ila nilikuwa na dhana yangu. Nimeshaokota vidonge nyuma ya nyumba za watu, vimechanganyika na kinyesi cha mbuzi, wakati mwenye navyo ameniapia kwamba amevimaliza. Nikaamini huyu naye anavitupa. Nilikasirika, na nikaandaa maneno ya kumwambia. Siku waliyorudi nikasema dozi ya mchana ataimeza palepale, mbele yangu.

Hakusita. Aliweka vidonge ulimini na kunyoosha mkono. Mkewe akafungua chupa ya chai, akajaza kikombe, akampa. Kilikuwa cheupe mpaka ukingoni.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Maziwa. Nimechemsha, vile wewe ulisema."

"Vidonge nilisema vimezwe na maji."

"Ulisema. Mimi nilijua hiyo ni ya watu hawana ng'ombe." Akanitazama kwa huruma kidogo, kana kwamba mimi ni mmoja wao. "Maji tunapa ng'ombe, daktari. Mgonjwa anapewa maji kwani hana mtu?"

Maneno yangu makali yakaniishia. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye, nikamweleza polepole kwamba maziwa yana madini yanayoikamata dawa hii tumboni, ikashindwa kuingia kwenye damu, ikatoka na choo bila kufanya kazi. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini madini hubaki. Kila kikombe alichompa kilikuwa kimeondoka na sehemu kubwa ya dozi.

Kisha akasema ng'ombe wengine walikuwa mbali malishoni, na hapo nyumbani alibaki mmoja tu wa kukamwa. Maziwa yote yalikuwa ya mgonjwa. Watoto walikuwa wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

"Basi ni mimi nimemzuia kupona?"

"Ni maziwa, mama. Si wewe."

Kitaalamu jibu hilo ni sahihi, na nililitoa kwa sauti yangu ya kazi. Kwake halikusaidia kitu, na nilimwonea uchungu. Alikichukua kile kikombe kutoka mkononi mwa mumewe, akayarudisha maziwa kwenye chupa asidondoshe hata tone, na akafunga kifuniko.

Dawa tulianza upya. Mto ulichelewa kufurika mwaka ule, jambo ambalo kwa wakulima wa Idsowe, wanaopanda kwa maji ya mafuriko, lilikuwa hasara na kwetu lilikuwa nafasi. Homa ikakatika, mgongo ukalegea, na siku moja mgonjwa wangu akaingia zahanati kwa miguu yake, fimbo begani, kuchukua vidonge vya mwisho vya kwenda navyo. Ng'ombe walikuwa wanaondoka kesho yake. Nilimuuliza anavimeza kwa kinywaji gani.

"Maji tu."

"Na mama bado anakupa mwenyewe?"

"Anapa." Alivifunga vidonge kwenye pindo la shuka. "Anaweka kikombe chini, halafu anatoka nje. Hataki kuona mimi nakunywa."