Programu Nyepesi ya Shemeji

Kwa wiki tatu, kila alipoinamia kompyuta ya mtu, Fundi alikuwa akiiona ile alama ya vema. Ndogo, ya kijani, ndani ya kisanduku kisichofika ukubwa wa ukucha wa mtoto. Aliiweka yeye mwenyewe siku ya Ijumaa, akaiondoa yeye mwenyewe siku ya Jumatatu, na kati ya siku hizo mbili nyumba ya dada yake ilikuwa imepata ufa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya shule: meza mbili, feni inayozunguka kwa kulalamika, na rafu ya kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Mtaani alijulikana kwa mambo mawili. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na subira ya kueleza hakuwa nayo. "Acha nikufanyie," ndilo lilikuwa neno lake. Mteja akiuliza amefanyaje, alijibu, "Si imekubali? Basi."

Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliitwa Dereva, na jina hilo lilimbakia hata baada ya kazi yenyewe kumwacha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amevuta matela. Kisha siku moja akapanda juu ya mzigo kufunga turubai, kamba ikakatika, akaja chini kwa ubavu na kichwa. Nyonga ikatiwa vyuma. Kichwa, walisema madaktari, kiko salama, ila kiendelee kuangaliwa. Neno hilo "kuangaliwa" liliingia nyumbani mle kama mgeni asiyejua kuaga.

Binti yake, aliyewaachia mjukuu wamlee, alimnunulia usukani wa gemu na pedali zake, na gemu ya kuendesha malori. Siku ya kwanza Dereva alicheka. Siku ya pili aliikosoa gemu namna ilivyokata kona. Siku ya tatu alisahau kula mchana. Baada ya hapo likamjia wazo. Wenzake walioko barabarani, wanaposubiri zamu kwenye mizani na mageti, hushinda wameinamia simu. Kwa nini wasimtazame akiendesha, awaonyeshe vijana namna ya kurudisha tela nyuma, wapige soga kama zamani?

"Shemu, nataka kwenda laivu," alimwambia Fundi.

"Laivu na mvi hizo?"

"Mvi zinashika usukani? Leta hizo programu za kurushia nizikague."

Fundi alimwekea tatu. Ya kwanza haikuhitaji hata kusakinishwa, ilifanya kazi humo humo kwenye kivinjari, lakini kompyuta ilikuwa ya zamani na picha ilikatikakatika. "Hii inakohoa," Dereva akaiweka kando. Ya tatu ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa chekundu, ukikibonyeza unaonekana, ukikibonyeza tena umetoka. Lakini ile ya pili ndiyo iliyomfanya avute kiti. Ilikuwa nzito, imejaa madirisha: hapa picha ya gemu, hapa vipimo vya sauti, na juu yake sehemu inayokuonyesha kile watu watakachokiona kabla hujawarushia.

"Hii ina vioo," Dereva alisema. "Naona nyuma, naona pembeni. Na hiki kinachochezacheza?"

"Maiki yako. Ukiongea kinapanda, ukiizima kinalala."

"Aa! Kumbe nikitaka kujua kama wananisikia, natupa jicho hapa tu. Hii ndiyo gari, shemu. Nifundishe hii."

Fundi alitazama saa. Kuieleza programu ile kungemla mchana mzima, na baada yake simu za wiki nzima.

"Utapotea humo," alisema. "Hiyo ni ya watu waliobobea. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Chukua ya kitufe kimoja, wanaoanza wote wanaanzia hapo."

Haikuwa kweli tupu, wala haukuwa uongo mtupu. Programu ya kitufe kimoja imewafaa wengi. Ila Fundi hakumchagulia shemeji yake. Alijichagulia yeye mwenyewe, apate kuondoka. Dereva aliitazama ile ya vioo mara ya mwisho, akakubali, kwa kuwa alikuwa mtu anayeheshimu kazi ya mwenzake.

Simu zilikuja hata hivyo. "Shemu, nimebonyeza, hawanioni." "Shemu, nadhani sikubonyeza vizuri." Ijumaa ile Fundi alipita akiwa na haraka, shule moja ikimsubiri aitengenezee printa. Dereva alikuwa bafuni, dada akimsaidia kuoga. Fundi akafungua mipangilio, akashuka mpaka chini, akakuta mstari unaosema: anza kurusha pindi gemu inapofunguka. Akaweka alama ya vema. Sasa hakutakuwa na kubonyeza wala kukosea kubonyeza. "Nimeshatengeneza, naenda!" alipaza sauti kuelekea bafuni. Ametengeneza nini, hakusema. Alikusudia kupiga simu jioni. Jioni ilifika na mambo yake, akasahau.

Jumapili mchana Dereva alifungua gemu afanye mazoezi peke yake. Kile kitufe chekundu hakukigusa. Lakini kwenye simu za madereva thelathini na kitu taarifa ililia kwamba mzee yuko hewani, nao wakaingia, wakamkuta anarudisha tela kwenye uchochoro mwembamba, kimya, anapumua tu. Ndipo mkewe alipoingia na beseni la nguo.

"Tangu asubuhi uko na lori lako la kuchezea!" alisema, na uchovu wa miezi minane ukatoka wote kwa pamoja. "Mimi nakuogesha, nakuvalisha soksi, nakufunga zipu. Mjukuu mmoja alinitosha. Sasa ninao wawili!"

Dereva alimalizia kupaki, taratibu, bila kugusa ukuta. Kisha simu yake ikaanza kutetemeka mezani. "Oya, Soksi!" "Mzee, zipu imepanda?" "Bibi, na mimi nivalishe!" Mmoja tu, aliyewahi kuwa utingo wake kwa miaka sita, aliandika bila utani: "Mzee, zima maiki."

Jumatatu walimwita Fundi.

"Angalia, shemu," Dereva alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sikubonyeza. Naapa sikubonyeza."

Dada alisimama mlangoni, macho yamevimba. Fundi alikaa, akafungua mipangilio, akaiona alama yake imetulia pale pale. Mgongo wake uliwazibia wote wawili. Aliiondoa kwa mguso mmoja, mwepesi kama kawaida yake, na mdomo wake ukatangulia kabla moyo haujaamua.

"Kila kitu kiko sawa huku. Labda ulibonyeza bila kukumbuka."

Alidhani ametupa kijineno cha kujiokoa. Hakujua kimeangukia wapi mpaka wiki ya pili, dada alipopita kazini kwake na mjukuu wa miaka mitatu mgongoni.

"Huyu unaenda naye kiwandani?" Fundi aliuliza. Dada alishona sare kwenye karakana yenye vyerehani arobaini, vumbi la pamba likielea kama ukungu.

"Nimwache na nani? Wewe mwenyewe si ulisema hakumbuki? Nimemweleza daktari, kampa Jumatano ya mwezi ujao, wampige picha ya kichwa." Alimrekebisha mtoto mgongoni. "Nafunga gesi kabla sijatoka. Mdogo wangu, nimeanza kumwogopa mume wangu."

Hapo angeweza kusema. Mdomo aliufungua kabisa. Kikatoka, "Pole, dada."

Usiku hulali, watu husema, ukiwa na jambo. Fundi alilala vizuri tu. Mchana ndio uliomtesa. Mteja akimwambia "mimi sikugusa kitu," moyo wake uliruka, kwa sababu sasa alijua mtu anaweza kusema hivyo na ikawa kweli. Aliacha kusema "acha nikufanyie". Aliwaeleza watu mpaka wakachoka wao.

Jumamosi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Dereva alimwita aje aichukue kompyuta.

"Mpe mtu mwenye kichwa," alisema. Usukani alikuwa ameshaufungua, umelala juu ya kitanda pamoja na pedali, umefungwa kwa shuka. Pembeni ya kiti palikuwa na daftari la shule, limefunguliwa. Fundi alisoma kabla hajajizuia. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyezoea kujaza fomu za mizigo: *Nimefunga bomba. Nimezima taa ya choo. Nimekunywa dawa, mbili. Nimefunga bomba, nimehakikisha.* Kurasa na kurasa.

Alikaa kitandani karibu na usukani.

"Shemeji, hukusahau kitu."

"Nini?"

"Ile Jumapili. Ni mimi. Ijumaa yake niliweka alama ili programu ijirushe yenyewe ukifungua gemu. Ili usinipigie simu. Wewe hukubonyeza chochote."

Dereva alimgeukia. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo juu ya sakafu ya saruji.

"Na Jumatatu ulipokuja, uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaiondoa."

"Nikaiondoa."

"Mimi nikiwa nimekaa hapa. Nimekuapia."

"Ndiyo, shemeji."

Dereva alilichukua daftari, akalifunga, akalishika kwa mikono miwili kana kwamba litaruka.

"Soksi wataniita mpaka nizikwe," alisema polepole. "Hilo halinisumbui, mimi nimewapachika wenzangu majina mabaya zaidi. Hata ile alama ningekusamehe, kila fundi hukosea. Lakini wiki tatu, shemu, naamka asubuhi, kabla sijafungua macho, najitajia jina langu. Jina la mke wangu. Namba ya gari langu la mwisho. Najipima kama bado nipo." Akaliweka daftari chini. "Mwite dada yako. Umwambie wewe. Na usipunguze."

Dada alikuja mkoba begani, mtoto ubavuni, amechelewa zamu. Fundi alisimama, akasema yote tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa sasa alijua maneno yenyewe yalivyo mafupi. Yangeweza kusemwa Jumatatu ile kwa pumzi moja.

Dada hakupiga kelele. Fundi alitamani apige.

"Kwa hiyo nimemtangaza mume wangu kwa daktari," alisema, "kwa kinywa chako."

"Nisamehe, dada."

Dada alimgeukia mumewe. "Lakini yale ya Jumapili niliyasema mimi. Hakuna programu iliyonisemesha."

"Najua," Dereva alisema. "Na soksi ni kweli unanivalisha."

"Nilichoka."

"Najua. Mimi pia nimekuchoka, basi tu maiki haikuninasa."

Dada alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Akasimama kidogo, akimtazama mumewe toka kichwani hadi kwenye mguu wenye vyuma, kama mtu anayesoma tena barua aliyoisoma vibaya. Kisha akainama, akamweka mtoto chini. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye shuka, akaanza kuuvuta usukani.

"Narudi saa nane," dada alisema. "Maziwa yake yako kwenye chupa. Gesi sijaifunga."

"Haya."

"Nitakaa nao mimi, dada," Fundi alisema haraka. "Nimsaidie shemeji, na nimwekee ile programu ya vioo, nimfundishe."

"Utanifundisha," Dereva alisema, "siku nitakayokuita. Utakaa hapo na kueleza mpaka nielewe mimi, sio mpaka uchoke wewe. Leo nenda. Sisi wawili tunatosha."

Alikuwa ameshainama kwa taabu, mkono mmoja kwenye kiti, akifungua fundo la shuka pamoja na mtoto. Fundi alinyoosha mkono kusaidia, fundo lenyewe lilikuwa dogo, angelifungua mara moja. Akaurudisha.

Alipotoka, dada yake alikuwa ameshafika mbali, akitembea haraka kuelekea karakana. Fundi alimwita mara moja. Hakugeuka wala kupunguza mwendo, naye hakumwita tena.