Taarifa Ilifika

Iko siku moja, mjukuu wangu, ambayo naikumbuka mpaka rangi ya wino uliokuwa vidoleni mwangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, vita vimekwisha, na kombania yetu imepiga kambi mbali na nyumbani. Wenzangu walichimba mahandaki, mimi nilikaa mezani. Nilikuwa karani. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu uzeeni, nilijua kabisa kwamba ni mzuri. Wakubwa wakitaka barua iende makao makuu walikuwa wanauliza, "Yule Mhaya yuko wapi?" nami naenda mbio na kalamu yangu.

Wahaya tulikuwa wachache pale, na rafiki yangu wa karibu alikuwa Laurenti wa Kishanda, Muleba. Mimi ni wa Izimbya, Mlutheri. Yeye alikuwa Mkatoliki, alianza seminari kisha akaona upadri si fungu lake. Tulikula sahani moja. Siku niliyoumwa malaria tukiwa safarini, Laurenti alibeba mzigo wake na wangu, na nilipoanguka akanibeba na mimi. Nakwambia haya ili ujue niliyemtendea nilichomtendea alikuwa mtu gani.

Basi zikaja habari kwamba baba yake Laurenti amefariki, naye akapewa ruhusa ya siku saba. Ukihesabu safari, zilitosha kuzika na kurudi. Lakini Laurenti alikuwa mrithi. Wewe umekulia mjini, pengine hujui. Kwetu mrithi haziki tu na kufunga mzigo. Anakaa mpaka matanga yaanuliwe, kisha ukoo unamkalisha kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu, ili kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, kijue mwenyewe ni nani. Akiondoka kabla ya hapo, amemwacha baba yake hajazikwa sawasawa. Wazee wa ukoo wakamwambia akae. Naye, kwa kuwa alikuwa askari mwenye adabu, akamtuma mdogo wake Prospa aje kambini kutoa taarifa.

Prospa alifika. Alifika siku ya sita, ruhusa ya kaka yake haijaisha, viatu vyake vimepasuka pembeni. Mlinzi aliniita getini kwa sababu mgeni alikuwa anachanganya Kiswahili na Kihaya kiasi cha kumshinda. Akanieleza yote: kaka ndiye mrithi, wazee wamemshikilia, anaomba siku nane za nyongeza. Nilielewa kila neno na maana yake. Katika kambi nzima hapakuwa na mtu aliyefaa kupokea ujumbe ule kuliko mimi. Nikamwambia, "Nenda salama, nitamweleza mkubwa." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akageuza njia.

Sasa sikia ujinga wangu. Wiki hiyohiyo sajenti meja wetu, mtu wa mkoa mwingine na mwenye utani usioisha, alikuwa amenitania mbele ya kombania. Alisema, "Hawa Wahaya wakishatafuna kahawa pamoja, wanaandikiana ruhusa." Kwetu kutafuna punje za kahawa pamoja ni dalili ya undugu, naye alilijua hilo. Watu wakacheka, nami nikacheka pia, lakini moyoni lilinichoma. Nikaogopa kuonekana karani anayewabeba watu wa kwao. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho yake nikasema keshokutwa. Siku ya nane jina la Laurenti likasomwa kwenye gwaride na hakuna aliyeitika. Sajenti meja akanigeukia, akauliza kama kuna taarifa yoyote. Nikasema, "Hakuna, afande." Akaniagiza niandike, nikaandika kwenye daftari, herufi zimenyooka vizuri: Mtoro. Hakutoa taarifa.

Laurenti alirudi siku ya kumi na tano, kama alivyoahidi, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna ya kutugawia. Alikuta amekwisha kuondolewa jeshini. Walimpa nguo zake za kiraia palepale getini. Nilipotoka kumwona aliniuliza jambo moja tu.

"Prospa hakufika?"

Hapo, mwanangu, bado kulikuwa na nafasi. Ningesema alifika, mimi ningewekwa ndani siku kadhaa na yeye angerudi kazini. Nilitazama buti zangu, nikasema, "Sikumwona mtu." Akaniamini. Akanipa kile kifurushi cha kahawa, akaenda zake. Ile kahawa sikuitafuna, niliifukia nyuma ya choo, na hilo pia naona aibu kulisema.

Miaka ikaenda. Nilitoka jeshini nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaoa, nikazaa, nikafundisha watoto wa watu wasiseme uongo. Usicheke, nilifundisha vizuri sana. Laurenti nilikuwa nakutana naye mara mojamoja sokoni Bukoba, na ni yeye mwenyewe aliyenieleza yaliyotokea kwao. Alipofika nyumbani alimwita Prospa mbele ya ukoo. Prospa akaapa kwamba alikwenda, na kwamba alionana na karani Mhaya akamwelewa. Laurenti akamjibu kwamba karani huyo ni rafiki yake wa sahani moja, amemuuliza uso kwa uso, naye hakumwona mtu. Tena Mhaya gani angeambiwa mrithi yuko matangani, halafu anyamaze? Basi Prospa akawa mwongo wa ukoo, kijana aliyetumwa akaishia kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, njiani. Ndugu wakagawana kibanja, wakapanda miti ya mpaka katikati ya migomba. Laurenti alinisimulia haya akiwa ameniwekea mkono begani, ananihurumia kwa kusumbuliwa na maneno ya mdogo wake.

Juzijuzi, mimi nikiwa mzee wa magoti mabovu kama unavyoniona, Laurenti alikuja Izimbya. Amekonda, anatembelea fimbo, na hospitali ya Rubya wanamjua kwa jina. Akaniambia kwamba kwenye kata yao waliandikisha askari wa zamani, naye akapanga mstari na wenzake. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba mtoro haandikwi. Wajukuu zake walikuwepo. Laurenti alikwenda ofisi za Muleba, akaenda za Bukoba, akaandika barua mpaka kumbukumbu zikatafutwa na nakala ya ule ukurasa ikapatikana. Akaitoa mfukoni, akaifungua juu ya meza yangu. Nikauona mwandiko wangu.

"Mimi najua hukuwa na namna, uliandika ulichoamriwa," akasema. "Wamekubali kurekebisha, ila wanataka kiapo cha mtu aliyekuwa katika ofisi ile. Andika tu kwamba nilimtuma mdogo wangu naye hakufika, na kwamba siku niliyorudi nilikuuliza habari zake. Wamesema hiyo itatosha. Sitaki kuzikwa na neno hili, ndugu yangu."

Unaona jambo lilivyokaa? Laurenti angepata jina lake, mimi ningebaki rafiki mwema, na gharama yote angeibeba yule aliyekuwa anaibeba tangu zamani. Kama unafikiri nilikataa, unanikadiria vizuri kuliko ninavyostahili. Nilikiandika hicho kiapo. Nilikiandika chote, kikaisha, kikawa safi hakina kosa hata moja, na tukapatana kwamba siku ya Jumatatu nitakwenda Kishanda, tutoke naye pamoja kwenda kuapa kwa hakimu.

Jumatatu asubuhi bodaboda ilinishusha mwanzo wa njia ya kwao, nikaingia kwa miguu. Njia ile inapita kwanza kibanjani kwa Prospa. Alikuwa anaondoa majani makavu kwenye migomba, mzee kama mimi, mgongo umepinda. Aliponiona akashusha mundu, akanyoosha mgongo taratibu.

"Kamwaiyuka, Ta Karani," akanisalimu Kihaya, kwa heshima.

Sikujua kama angenikumbuka. Nikamwitikia. Akanitazama, hakuna hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Siku ile ulisema hukuniona," akasema. "Na leo umeniona?"

Mwanangu, nimepigwa mabomu nikiwa kijana, lakini swali lile nililiogopa zaidi. Nikamwambia, "Nimekuona, Prospa. Na siku ile nilikuona." Kisha nikamwomba twende kwa kaka yake. Alisita. Alisema upande ule hajaingia tangu walipomzika mama yao. Nikamwambia basi mimi sitaingia bila yeye, nikaketi juu ya gogo. Mwishowe akapangusa mikono, tukaupita mpaka pamoja.

Laurenti alitoka na kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama mwenyeji wa kwetu anavyompokea mgeni. Alipomwona aliyekuja nyuma yangu akasimama mlangoni. Sikungoja kukaribishwa kiti. Nilisema yote nikiwa nimesimama: geti, viatu vilivyopasuka, siku nane zilizoombwa, utani wa sajenti meja, na "sikumwona mtu." Nililia, nami sikuuficha uso. Halafu nikachana ile karatasi safi, nikaomba nyingine, nikaandika mbele yao: Taarifa ilifika kabla ya ruhusa kwisha. Aliyeipokea ni karani, ambaye ndiye mimi. Karani alinyamaza.

Laurenti akaichukua, akaisoma muda mrefu kuliko urefu wake. Nilidhani atanipiga na fimbo, na ningemshukuru. Akasema tu, "Mwandiko ni uleule." Kisha akakinyanyua kile kisahani cha kahawa, akapiga magoti kwa shida, yeye mkubwa, akamnyooshea mdogo wake kwa mikono miwili. Prospa alichukua punje moja, akaitafuna. Kwangu kisahani hakikufika, na sikukitazamia.

Kiapo niliapa siku hiyohiyo, ndugu wale wawili wamekaa benchi moja nyuma yangu. Baada ya hapo sikusikia neno kutoka Kishanda kwa miezi. Sikuthubutu kuuliza. Mpaka asubuhi moja nikiwa uani nikamwona Prospa anaingia, amevaa koti la misa, amesafiri njia yote hiyo mpaka Izimbya. Nilisimama haraka kuliko magoti yanavyoruhusu.

"Kaka amenituma," akasema. "Barua ya jeshi imekuja. Wameliondoa lile neno. Wameandika kwamba taarifa ilitolewa."

Kisha akatoa mfukoni kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Ilikuwa kahawa ya kutafuna. Hakusema imetoka kwa nani, nami sikuuliza. Safari hii sikuifukia. Nilimwingiza Prospa ndani, nikaita watu wote wa nyumbani, nikawaambia, "Huyu ndiye Prospa wa Kishanda, mtu aliyetumwa akafika." Tukaitafuna pamoja mpaka ikaisha.

Sasa wewe umepata kazi ya ofisini, na ndiyo sababu nimekuita nikakuchosha na maneno ya kale. Mbele yako yatapita majina ya watu wasiokujua, na neno moja utakaloandika watalibeba wao, na ndugu zao, na wajukuu zao. Kwa hiyo ukiambiwa uandike, kwanza jiulize unajua nini ambacho mwandishi mwingine asingekijua. Hicho kiseme, hata kama watasema unawapendelea wa kwenu. Kuchekwa kunapita jioni hiyohiyo. Na ukikosea, maana utakosea, usingoje mwenye jina azeeke ndipo uende kumtafuta. Nenda wakati bado ana miaka ya kuishi na jina lake. Mimi nilichelewa, wale ndugu wamerudishiwa uzee tu, ujana wao niliula mimi.

Sogea nikushike mikono. Mungu akupe mdomo unaofunguka mapema na kalamu isiyo na haraka. Akupe wakubwa watakaokusikiliza, na siku ukiwa huna wa kukusemea, akutumie mtu kama Prospa, atembee mpaka viatu vipasuke, na getini amkute karani aliye bora kuliko babu yako.