Nyumba Tupu ya Maman

Leo maman, mama yangu mzazi, hayupo tena, na kodi ya ardhi ya nyumba yetu ya mtaa wa Forest, huku ughaibuni, nailipa yote bila kunung'unika. Haikuwa hivyo zamani.

Tulipoinunua ilikuwa inavuja, kwa hiyo tulibaki kwenye fleti ya kupanga. Nikasikia kwamba nyumba isiyokaliwa wala kuwekwa samani inaweza kusamehewa kodi. Mimi hodari wa barua nikaiandikia ofisi ya kodi: hakuna kitanda, hakuna kiti, hata panya wamehama.

Maman sikumtaja. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lubumbashi, na jiko letu la fleti lilimbana. Kila asubuhi alichukua ufunguo akaenda kusonga bukari, ugali wetu, kwenye ile nyumba tupu, kwa sababu alisema nyumba ya mtoto wake haiwezi kukaa bila moshi.

Ofisi ilipomtuma bwana mmoja kukagua, nilimficha maman ghorofani na vyombo vyake na kila alichokuwa amekikusanya humo, nikamsihi asitoe hata kikohozi. Nikamtembeza mgeni vyumba vya chini kwa madaha.

"Bon, Monsieur, unaona mwenyewe. Hakuna mtu," nilimwambia kwa Kifaransa.

Aliridhika, hata juu hakupanda. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango ngazi zilipolia. Maman alishuka, kitenge kiunoni, sahani ya bukari na samaki mkononi.

"Papa, utatoka mu nyumba yangu bila kukula?" alimwuliza mgeni.

Yule bwana hakujua Kiswahili, lakini sahani aliielewa. Akatazama huku na huku, akiwa hajui akae wapi.

Maman akapanda tena, akarudi na kiti. Kisha cha pili. Kisha akaniita nimsaidie kushusha meza.